Maji Safi na Chujio: Maneno Mawili katika Miradi ya Afya Chini ya Mlima Meru

Kata ya Kikwe imo katika Wilaya ya Meru, Mkoani Arusha, katika nyanda zilizo kusini mwa Mlima Meru. Mlima huo ni wa volkano, na miamba yake hutoa madini ya floridi yanayoingia katika chemchemi, mito na visima vya sehemu nyingi za ukanda ule. Floridi kidogo huyafaa meno. Ikizidi huyatia madoa ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi huidhuru mifupa hata viungo vikapinda. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hata 4.

Vyama visivyotafuta faida, kadhalika na serikali, vimetafuta ufundi wa kuiondoa. Katika kituo cha Ngurdoto, kisicho mbali na Kikwe, wataalamu wameshughulika na mkaa wa mifupa: mifupa ya wanyama huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, husagwa chembe chembe, kisha hutiwa katika ndoo, na maji yapitapo humo floridi hunaswa. Uzuri wa ufundi huu haubishaniwi. Ninalotaka kuonyesha ni kwamba kufaulu kwake katika nyumba za watu kwategemea pia maneno tunayoupa, na hilo ni jambo la wasomaji wa jarida hili kuliko la wahandisi.

Tuanze na neno safi. Katika Kiswahili cha kila siku maji safi ni yale meupe, yasiyo na tope wala harufu. Miaka mingi ya mafundisho ya afya imeongeza maana nyingine, yaani maji yaliyochemshwa. Sasa floridi haina rangi, wala harufu, wala ladha ya kuitambulisha. Na kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua kwa mvuke, floridi hubaki katika machache yaliyosalia na kuwa kali zaidi. Mama achemshaye maji kwa bidii ametii kila neno aliloambiwa, na bado hajamkinga mwanawe. Serikali husema maji safi na salama, na watu wengi hulichukua neno la pili kuwa pambo la lile la kwanza. Chini ya Meru maneno hayo mawili hayana budi kutengana, kwani yako maji safi kabisa yasiyo salama.

Neno la pili, chujio, ni gumu zaidi. Chujio la chai au la tui huzuia kitu kionekanacho, na likijaa huoshwa likawa kama jipya. Mkaa wa mifupa sivyo ulivyo. Nafasi zake za kunasia floridi hujaa siku hata siku, na zikisha kujaa maji hupita vile vile, meupe vile vile, na floridi yake yote. Kuuosha hakufai, sharti ubadilishwe au utengenezwe upya. Mtu aliyeambiwa kwamba amepewa chujio, akaliosha vizuri kila juma kwa miaka mitatu, hana kosa lolote: amelifuata neno. Mimi naona kitenzi kunasa chafaa kuliko kuchuja, maana kila mtu ajua kwamba mtego uliokwisha kunasa haunasi tena.

Tulinganishe na mradi mwingine wa nchi hii. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, katika wilaya za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, vituo vya afya 129 vilitumia simu za mkononi kupeleka hesabu ya dawa za malaria kila juma. Vituo vilivyokosa dawa moja au zaidi vilikuwa asilimia 78 katika juma la kwanza. Katika juma la 21 vilikuwa asilimia 26. Lakini rafu tupu yaonekana kwa macho, na simu ilichukua tu habari ambayo mganga alikwisha kuiona. Mkaa uliojaa hauonekani na mtu yeyote asiye na kipimo.

Hata meno hayasemi upesi. Meno ya mbele ya kudumu hujengeka ndani ya ufizi utotoni, na doa la maji aliyokunywa mtoto wa miaka 2 huonekana afikapo miaka 7 hivi. Mradi wa miaka mitatu hufungwa kabla ya hapo, na taarifa yake huhesabu ndoo zilizogawiwa.

Liko pia jambo la jikoni. Watu wengi hutia magadi katika maharage na makande ili yaive upesi, na magadi ya nchi hizi mara nyingi yana floridi nyingi. Fomu iulizayo habari za maji peke yake hailipati hilo. Neno magadi lastahili kuandikwa katika fomu, karibu na neno maji.