Shukrani Zinazotaja Kazi

Aghalabu shukrani zetu huwa za jumla. Hafla ikifika ukingoni, mwenye kipaza sauti huwashukuru "wote waliotusaidia kwa njia moja au nyingine," na watu wakatawanyika. Aliyekesha jikoni na aliyeazima viti wametiwa kapu moja, wala hajulikani nani alifanya nini.

Yako mashindano ya wanafunzi yasiyoridhika na shukrani za namna hiyo. Huitwa iGEM, na fani yake ni bayolojia sintetiki, yaani elimu ya kuunganisha vipande vya jeni ili kiumbe kidogo kama bakteria kipewe kazi ambayo hakikuwa nayo. Yalianzia katika somo fupi chuoni MIT, Marekani, Januari 2003. Mwaka uliofuata zilishindana timu 5. Siku hizi huzidi 300. Timu isiyobainisha ipi ni kazi ya wanafunzi na ipi ni ya waliowasaidia hukosa hata medali ya shaba.

Tutazame mfano mmoja. Mwaka 2006 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, waliingia na kazi iliyohusu maji ya Bangladesh. Huko, tangu miaka ya 1970, vilichimbwa visima vya bomba kwa mamilioni ili watoto waepukane na maradhi ya kuhara yaliyotokana na maji ya madimbwi. Nia ilikuwa njema. Lakini mwaka 1993 ikagunduliwa kuwa maji ya chini yana aseniki, sumu isiyo rangi, harufu wala ladha. Makala iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2000 ilikadiria kuwa watu milioni 35 hadi 77, kati ya milioni 125, walikuwa hatarini. Sumu hiyo huingia polepole: ngozi hufanya mabaka, viganja hukakamaa, na baada ya miaka huja saratani. Wapo wanawake walioachwa na wasichana waliokosa kuposwa kwa sababu ya mabaka hayo, ilhali maji waliteka kisimani walikoelekezwa.

Wanafunzi wale walibuni bakteria anayeichachua sukari ya maziwa anapokutana na aseniki. Kina mama mnajua maziwa yanavyogeuka mtindi: ule uchachu ni asidi. Asidi hiyo hubadilisha rangi ya dawa iliyotiwa chomboni, na mtu asiye na mashine akaona kwa macho kuwa maji hayafai. Walitunukiwa tuzo ya matumizi bora katika maisha halisi.

Je, ilikuwa kazi yao peke yao? Katika miradi kama hii yupo mwalimu msimamizi anayeacha likizo yake, yupo fundi wa maabara anayesafisha vyombo na kuonya juu ya usalama, yupo anayelipa nauli. Kuna na hazina ya vipande vya jeni, ambako timu huazima vilivyoundwa na waliotangulia. Kila kipande kina nambari yake, na hutajwa jina la aliyekibuni. Sisi tuliolelewa madrasa hatukuweza kulisoma hili bila kukumbuka isnadi: habari haipokewi mpaka ijulikane imetoka kwa nani, naye kaipata kwa nani. Si adabu tu. Kipande kikileta kasoro, hujulikana wa kuulizwa.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo wazazi tungeanzia mtoto arudipo na cheti cha maonyesho ya sayansi: baada ya kumpongeza, tumuulize ni kipi alichofanya mwenyewe na nani alimshika mkono. Asiyeweza kujibu huenda kazi hiyo ilifanywa na mjomba.

Watafiti wa Edinburgh na Cambridge waliiendeleza kazi ile kwa miaka, kwani kukitoa kiumbe kilichobadilishwa jeni nje ya maabara kunahitaji vibali na tahadhari nyingi. Huko Bangladesh, wafanyakazi walipita kijiji kwa kijiji, wakapima visima takriban milioni 5 na kuvipaka rangi: kijani kwa maji salama, nyekundu kwa yenye sumu. Majina yao hatukuyaona popote.