Karo ya Uuguzi Mjini Wote: Safari ya Binti na Mfuko wa Nyumba

Barua ya kuitwa chuoni huingia nyumbani kwa shangwe. Mama hupiga vigelegele, jirani huja kutoa hongera, na baba huisoma tena na tena akiwa kimya. Ukimya huo tunaujua. Amefika ukurasa wa karo.

Katika nyumba zetu nyingi za Mwambao, barua ya aina hii siku hizi humwita binti mbali na bahari. Aliyeomba uuguzi katika Chuo cha Mafunzo ya Matibabu, KMTC, hupangiwa kampasi yenye nafasi, wala si lazima iwe ile iliyo karibu na kwao. Hivyo binti wa Kisauni au Likoni hujikuta ameitwa Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni, katika nchi ya Wakamba, nchi ya maembe na ya mito inayokauka kiangazi. Atapanda gari la Nairobi, ateremke Makindu au Emali, kisha ashike matatu ya Wote. Huko atakuta kampasi, hospitali ya rufaa ya kaunti, na jamii ya Waislamu iliyo ndogo ikilinganishwa na aliyoizoea.

Tumeona vyema wiki hii tuizungumze safari hiyo kwa upande wa mfuko, kwa kuwa hapo ndipo ndoto nyingi hukatika.

Kwa nini tujitaabishe

Kila mama anayesoma ukurasa huu anaijua haja ya kuhudumiwa na mwanamke mwenzake saa ya uzazi. Tunapofika hospitali na kukosa mkunga wa kike, husikitika. Lakini mkunga hashuki kutoka mbinguni. Ni binti wa mtu aliyelipiwa karo. Historia yetu nayo inamkumbuka Rufaida al-Aslamiya, Mwenyezi Mungu amridhie, aliyewatibu majeruhi katika hema lake Madina zama za Mtume (S.A.W.). Wanavyuoni wametufundisha kwamba elimu ya tiba ni faradhi ya kutoshelezana: wakiwepo wa kutosha, dhima imetuondokea; wasipokuwepo, sote tunaulizwa.

Kujua hesabu kabla ya kulia

Diploma ya uuguzi huchukua miaka mitatu. Karo yake ni makumi ya maelfu ya shilingi kila mwaka, na mwaka wa kwanza huwa mzito zaidi kwa sababu ya sare, vitabu na malipo ya usajili. Juu ya hayo kuna kodi ya chumba kwa asiyepata bweni, chakula, na nauli ya kuja nyumbani. Familia nyingi huhesabu karo pekee, kisha binti akafika muhula wa pili hana hata sabuni.

Twashauri jambo la kwanza liwe karatasi na kalamu. Andikeni gharama ya miaka yote mitatu, mkizigawa kwa mihula. Shilingi 100 zinazowekwa kila siku huwa 36,500 kwa mwaka, na 109,500 kwa miaka mitatu. Fedha hizo hazitoshi kulipa kila kitu, lakini zinatosha kumlinda binti asirudishwe nyumbani katikati ya muhula.

Tahadhari moja tuiseme waziwazi: karo hulipwa kwa njia iliyotajwa kwenye barua rasmi ya chuo. Mtu anayedai fedha mkononi au kwa simu ili akutafutie nafasi ni tapeli, hata akiwa amevaa suti na kumtaja mkubwa fulani.

Milango ya serikali

Mlango wa kwanza ni basari ya Mfuko wa Maendeleo ya Maeneo Bunge, ulioanzishwa mwaka 2003 na unaojulikana leo kwa jina la NG-CDF. Basari hii haihusu shule za sekondari pekee, kama wengi wanavyodhani. Wanafunzi wa vyuo nao huomba. Serikali za kaunti pia hutoa basari zao, aghalabu kupitia wadi. Binti wa Pwani anayesoma Wote aombe katika eneo bunge na wadi ya kwao, ambako wazazi wake wanajulikana. Na familia ya Kiislamu inayoishi Wote iulize katika afisi ya eneo bunge la Makueni, isikae nyuma kwa kudhani kwamba mfuko huo ni wa wenyeji wengine.

Basari si riba wala si deni. Lakini ina wakati wake. Fomu hutolewa kwa siku chache, na huhitaji sahihi ya chifu, barua ya chuo na nakala ya kitambulisho. Anayengoja kutangaziwa msikitini hukuta zimekwisha. Tengenezeni faili moja ya nyaraka zote, iwekwe mahali pamoja.

Mlango wa pili ni Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliyoundwa mwaka 1995. Kwa wanafunzi wa fani za afya, bodi hiyo ilishirikiana na wafadhili kuanzisha Mfuko wa Afya Elimu mwaka 2013, ukiwalenga hasa wanaosomea uuguzi na kazi nyingine za tiba katika vyuo vya kati. Maelfu ya vijana wamesoma kwa mikopo ya namna hii.

Deni lenye riba

Hapa ndipo moyo wa Muislamu husita. Mkopo wa kawaida wa HELB hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Ni ndogo ikilinganishwa na ya mabenki, lakini uharamu wa riba haupimwi kwa udogo wake. Wapo masheikh wanaokataza kabisa, na wapo wanaoona kwamba dharura ya kweli, baada ya kukosekana njia nyingine zote, ina hukumu yake. Sisi si wenye kutoa fatwa. Tunachosema ni kwamba binti asiachwe abebe swali hilo peke yake mbele ya kompyuta ya mkahawa wa intaneti. Mzazi aende kwa sheikh anayemwamini, aeleze hali ya nyumba kama ilivyo, asikilize.

Na tujiulize pia sisi wenyewe: jamii inayomwambia binti kwamba mkopo ule ni haramu, imempa halali ipi mahali pake? Kumfungia mlango bila kumfungulia mwingine ni kumwacha nje.

Milango yetu wenyewe

Tunayo zaka. Mafukara na maskini ni wa mwanzo katika makundi manane yaliyotajwa katika Suratut Tawba, na mwanafunzi asiye na uwezo yumo humo bila ya shaka. Matajiri wetu wamezoea kugawa zaka mlangoni mwezi wa Ramadhani, noti moja moja. Kheri ipo. Lakini wakijiunga watu watano wakamlipia binti mmoja muhula mmoja, huenda baada ya miaka mitatu akawa yeye ndiye mtoaji.

Tunao wakfu. Mababu zetu waliacha nyumba, mashamba na visima kwa ajili ya misikiti na maskini, na hadi leo ipo Tume ya Wakfu Mombasa inayosimamia mali hizo. Hakuna kinachozuia familia ya leo kuweka chumba kimoja cha kupangisha kiwe wakfu wa karo za mabinti.

Tunayo karadha njema, mkopo usioongezeka. Wajomba na mashangazi wakiitwa kikao, kila mmoja akataja awezalo, mzigo hugawanyika. Ila iandikwe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, inatuamrisha kuandika deni. Undugu hauharibiwi na karatasi, huharibiwa na usahaulifu.

Na tunao mchezo. Kina mama kumi na wawili wakitoa shilingi 1,000 kila mwezi, kila mmoja hupokea 12,000 kwa zamu yake. Wakikubaliana zamu ya mama mwenye mwanafunzi iangukie mwezi wa kufungua chuo, wamemsaidia bila kumpa sadaka wala kumtoza riba.

Liko jambo la mwisho, na ni zito. Nyumba nyingi zina fedha au dhahabu iliyowekwa kwa ajili ya arusi ya binti huyo huyo. Dhahabu ya mama ni mali yake, hakuna wa kumlazimisha kuiuza. Lakini yeye mwenyewe akiamua kupunguza sherehe ya siku tatu ili kulipa masomo ya miaka mitatu, tusimnong'oneze vibarazani. Tumpe mkono.

Baada ya cheti

Tusidanganyane kwamba kazi humngoja mhitimu getini. Baada ya masomo kuna mtihani wa Baraza la Wauguzi ili kusajiliwa, na ajira za kaunti hazitoshi wote. Ndiyo maana deni lipimwe kabla ya kuchukuliwa. Kwa aliyeanza na cheti cha chini, njia ya kupanda ipo: tangu mwaka 2005, Amref na Baraza la Wauguzi walifungua masomo kwa kompyuta kwa wauguzi walio kazini waliotaka kufikia diploma.

Na aliye Wote sasa hivi, mbali na kwao, asisahauliwe. Akija nyumbani likizo, arudi na unga, mchele na dagaa wa kutosha. Apigiwe simu si siku ya karo pekee.

Mwenyezi Mungu awafanyie wepesi mabinti zetu, na awape wazazi wao riziki ya halali yenye baraka. Amin.