PICHA YA MOYO: TUJUE KWANZA, NDIPO TUUZE NYAVU



Katika mashamba ya chai ya Kawambwa, na huku ufukweni Nchelenge na Kashikishi, wako wenzetu wanaobanwa na kifua kila wapandapo kilima na mzigo. Wakipumzika dakika chache maumivu yanakwisha, nao wanarudi kazini kimya kwa kuogopa kuitwa wavivu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wengine, wakisikia neno "moyo", wanauza mtumbwi na nyavu kutafuta upasuaji mbali. Makala haya ni kwa ajili ya wote hao.

MAUMIVU HUTOKA WAPI

Moyo ni pampu, na pampu hii nayo hulishwa damu na mishipa yake yenyewe. Mafuta yakijijenga ndani ya mishipa hiyo, njia inakuwa nyembamba. Tazameni mifereji ya Mofwe inapojaa mafunjo: mtumbwi mtupu unapita, wenye shehena unakwama. Ndivyo ilivyo kwa moyo. Ukikaa, damu kidogo inatosha. Ukibeba gunia, moyo unadai zaidi na njia hakuna. Sigara, presha, sukari na mafuta mengi katika damu ndivyo vinavyoleta hali hiyo, na umri huongeza.

Maumivu yanayokuja kwa kazi ile ile na kuondoka kwa kupumzika, miezi kwa miezi, madaktari huyaita maradhi yaliyotulia. Lakini yakija umekaa, yakizidi siku hata siku, au yakija na jasho la baridi na kukosa pumzi, hayo hayakutulia. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, usingoje zamu iishe.

Tena si kila maumivu ya kifua ni moyo. Kifua kikuu, kiungulia na misuli iliyochoka huuma pia. Kwa hiyo kupimwa ni lazima.

KAZI YA PICHA

Eksirei ya kawaida ya kifua haionyeshi mishipa hii. Kipimo cha umeme wa moyo chaweza kuonekana kizuri na mshipa umeziba nusu. Mashine ya siti-skani ndiyo huionyesha: mgonjwa hulala, hudungwa dawa ya rangi mkononi, hubana pumzi kidogo, na mashine yenye umbo la pete humpiga picha. Mwenye ugonjwa wa figo au mjamzito amwambie daktari kwanza. Njia nyingine ni kupitisha mrija mwembamba kutoka mkononi au kwenye kinena hadi moyoni. Kwa mrija huo huo daktari aweza kuweka stenti, yaani kijibomba cha waya cha kupanua mshipa.

Huko Uskochi watu 4,146 wenye maumivu ya kifua waligawanywa mafungu mawili yaliyo sawa. Moja lilitibiwa kwa vipimo vya kawaida, la pili likaongezewa picha ya siti-skani. Matokeo ya miaka 5 yalitolewa mwaka 2018. Waliokufa kwa maradhi haya au kupatwa na shambulio la moyo walikuwa 81 katika fungu la kwanza, na 48 katika fungu la picha. Waliowekewa stenti au kupasuliwa walikuwa karibu sawa pande zote mbili. Waliopigwa picha ndio walioanzishiwa dawa za kinga kwa wingi zaidi.

Utafiti mwingine, wa wagonjwa 5,179 katika nchi 37, ulitolewa mwaka 2020. Uliuliza: mgonjwa aliyetulia apelekwe mapema kwenye mrija na stenti au upasuaji, au aanze na dawa? Baada ya miaka 3 hivi, waliopelekwa mapema walikufa 145, walioanza na dawa 144. Stenti iliwapa nafuu ya maumivu waliokuwa wakiumia mara kwa mara, lakini haikuwaongezea maisha. Angalieni hapa, ndugu: wengi wao walipigwa picha kwanza kuhakikisha kwamba mshipa mkuu wa kushoto haukuziba. Mwenye mshipa huo ulioziba hakuingizwa katika utafiti huo, kwa kuwa yeye njia yake ni nyingine.

Basi picha hututenganisha: huyu hana kitu, huyu dawa zinamtosha, huyu apelekwe kwa mpasuaji. Dawa zenyewe ni vidonge vya kila siku: aspirini, statini za kupunguza mafuta, na za presha. Hazikatizwi maumivu yakipoa.

TUANZIE WAPI

Anzia hospitali ya hapa, kama Mtakatifu Paulo ya Kashikishi. Pimwa presha na sukari, ueleze maumivu huja ukifanya nini. Ikihitajika, omba barua ya rufaa ya Mansa, na kutoka huko Lusaka. Kwa wenzetu wa Tanzania, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015 inafanya kazi hii.

Sheria ya Bima ya Afya ya Taifa ya Zambia ni ya mwaka 2018. Mfanyakazi hukatwa asilimia 1 ya mshahara wa msingi, na mwajiri huongeza asilimia 1. Fedha hiyo ni jasho lako. Kwa hiyo kila tawi lidai haya:

1. Mwajiri aonyeshe kwamba makato yamefikishwa kwenye bima. Uliza kabla hujaugua.
2. Mwenye barua ya rufaa apewe ruhusa na mshahara wake usiguswe.
3. Anayetumia dawa za moyo apewe kazi nyepesi, asifukuzwe.
4. Presha ipimwe kazini, angalau mara moja kwa mwaka.

Mzigo unaomshinda mtu mmoja, wengi huubeba. Mwenzako akishika kifua kilimani, usimcheke. Mpeleke kwa mwakilishi wa chama, naye amsindikize hospitali.