Kabla ya kuwanunulia kware wako 'bakteria', piga hesabu hii

UNAFUGA kware nyuma ya nyumba au kwenye kibaraza cha ploti? Basi huenda muuzaji wa agroveti ameshakuonyesha pakiti ya probiotiki akikuambia ndege wako watakua chapchap na mayai yatamiminika. Anasema kweli? Kiasi. Lakini kabla hujatoa doo, elewa unanunua nini.

Kifaranga wa kware huanguliwa akiwa na gramu kama saba tu, na akitunzwa vizuri anaanza kutaga akiwa na wiki sita hadi nane. Hiyo ni kasi ya ajabu, na inategemea utumbo wenye afya. Kifaranga anayelelewa na mama hupata bakteria wazuri kwa kudonoadonoa karibu naye. Wako wametoka kwenye inkubeta, mama hawamjui. Utumbo wao ni kama nyumba isiyo na wapangaji: anayewahi ndiye anayechukua chumba. Salmonela akitangulia, umeumia.

Mwaka 1973, watafiti wawili wa Finland, Nurmi na Rantala, waliwapa vifaranga wa kuku bakteria kutoka matumbo ya kuku wazima. Salmonela ilipoletwa, ilikosa makao. Wazo hilo lilipata uzito zaidi Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo kuanzia Januari 2006, kwa hofu ya vijidudu sugu.

Ndani ya pakiti mara nyingi utapata Lactobacillus, jamaa wa bakteria wanaogandisha maziwa lala. Hutengeneza asidi ambayo vijidudu vibaya haviipendi. Kuna pia Bacillus, ambao huvumilia joto kwa sababu hujifunika ganda gumu, na hamira, ileile ya mkate.

Majaribio kadhaa kwa kware yameonyesha uzito kuongezeka na chakula kutumika vizuri zaidi. Mengine hayakuona tofauti yoyote. Mambo mengi hutegemea aina ya bakteria, kipimo na hali ya banda.

Kumbuka unanunua viumbe hai. Pakiti iliyoanikwa juani dukani, achana nayo. Soma tarehe ya mwisho, jina la bakteria na idadi yao. Usichanganye na maji moto wala maji ya mfereji yenye klorini nyingi. Na ukiwapa ndege antibiotiki siku hiyohiyo, unaua ulichonunua.

Pia, probiotiki si muujiza. Vifaranga wa kware wanahitaji chakula chenye protini ya asilimia 24 hivi. Ukiwapa chakula cha kuku wanaokua, ambacho kina protini kidogo, hakuna bakteria atakayeziba pengo hilo. Chakula chenye ukungu, msongamano na harufu kali ya mkojo bandani havitibiwi kwa pakiti. Na ndege wakianza kuhara na kufa, usikisie. Kware hushikwa haraka na ugonjwa wa vidonda vya utumbo unaoletwa na Clostridium colinum. Mwite daktari wa mifugo.

Sasa hesabu. Kware 100 wakila gramu 25 kila mmoja kwa siku, hiyo ni kilo 2.5, yaani kilo 75 kwa mwezi. Tuseme probiotiki inakuokolea asilimia tano ya chakula: ni kilo 3.75. Kama dozi ya mwezi inagharimu zaidi ya bei ya kilo hizo, na mayai hayajaongezeka wala vifo kupungua, wewe ndiye unayeliwa.

Usiamini stori za mtaani. Kati ya 2013 na 2014 Wakenya walikimbilia leseni za KWS wakisikia mayai ya kware ni dhahabu. Soko lilipofurika, bei ikaporomoka na wengi wakabaki na vizimba vitupu.

Kwa hivyo jaribu mwenyewe. Chukua vifaranga 40 wa siku moja, wagawe makundi mawili. Chakula kilekile, joto lilelile, nafasi ileile. Kundi moja tu lipewe probiotiki. Wapime kila wiki kwa mizani ya jikoni, pima chakula kinacholiwa, andika wanaokufa. Baada ya wiki tano, daftari lako litakuambia kama urudi agroveti au pesa hizo ununulie chakula bora.