Vidole vinapokakamaa asubuhi: dalili za mapema za baridi yabisi

Chukulia mama wa miaka 35 anayeamka alfajiri kumwandaa mtoto kwenda shule, akashindwa kufunga vifungo vya shati lake. Vidole vimekaza na maungio yake yamevimba. Ifikapo saa nne vimelegea, naye anaendelea na kazi. Jioni jirani anamwambia kuwa ni baridi tu: ajipake dawa ya kuchua na aache kufua kwa maji ya baridi.

Ushauri huo una nia njema, lakini unaweza kumgharimu mikono yake.

Dalili hizo zinafanana na za mwanzo wa baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, hugeuka na kushambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Utando huo huvimba, hunenepa, kisha hula gegedu na mfupa, na kilicholiwa hakirudi. Jina lenyewe la Kiswahili limechangia mkanganyiko, kwani asikiaye "baridi" hutafuta sweta. Katika nyanda za juu kama Kabale nchini Uganda au Musanze nchini Rwanda, ni rahisi zaidi kuilaumu hali ya hewa. Baridi huweza kuzidisha maumivu, ila siyo inayouleta ugonjwa. Wala huu si ugonjwa wa wazee pekee: mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 30 na 60, na huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume.

Tofauti iko asubuhi

Viungo vilivyochakaa kwa umri au kazi nzito huuma vikitumika na hutulia vikipumzishwa. Vikikakamaa asubuhi, kwa kawaida hulegea ndani ya nusu saa. Baridi yabisi huenda kinyume. Hukaza baada ya mapumziko, huendelea kukaza kwa saa nzima au zaidi, na hupungua mtu anapojishughulisha. Aghalabu huanza kwenye viungo vidogo, yaani pale vidole vinapoungana na kiganja, kwenye maungio ya katikati ya vidole, vifundo vya mikono na sehemu ya mbele ya nyayo, tena pande zote mbili za mwili. Ikiwa kushikwa mkono katika salamu ya kawaida kunakuumiza, usilipuuze jambo hilo. Huenda pia ukapata uchovu usioelezeka, homa ndogo au kupungua uzito.

Katika ukanda wetu kuna jambo jingine la kuzingatia. Chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, ilielezwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa mwaka 1952 katika uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika ya wakati huo, na jina lake la Kimakonde lahusu kujikunja kwa maumivu. Nayo huweza kuacha viungo vikiuma kwa wiki au miezi. Kuzitofautisha ni kazi ya daktari, si ya muuza dawa. Wataalamu wa Ulaya hupendekeza mwenye uvimbe wa viungo amwone bingwa ndani ya wiki sita tangu dalili zianze.

Nafuu inayodanganya

Wengi huanzia duka la dawa. Diklofenaki hupunguza maumivu bila kuuzuia ugonjwa, na ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Deksamethasoni na prednisoloni huleta nafuu ya haraka mno, na hapo ndipo penye mtego: mgonjwa hujiona amepona, huku sukari na shinikizo la damu vikipanda na mifupa ikidhoofika. Hata hivyo, aliyezitumia kwa muda mrefu asiziache ghafla bila daktari.

Dawa ya msingi inayopunguza kasi ya ugonjwa ni methotreksati, iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Humezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku kwa makosa kunaweza kuua. Haifai kwa mjamzito, na anayeitumia huhitaji kupimwa damu mara kwa mara.

Mabingwa wa viungo ni wachache na wengi wako katika miji mikuu, lakini daktari wa magonjwa ya ndani katika hospitali ya rufaa anaweza kuanzisha matibabu. Kwa kuwa uvimbe huenda umepungua utakapofika kwenye foleni, upige picha kwa simu asubuhi na uandike tarehe ulipoanza. Kipimo cha damu kisipoonyesha kitu, bado ugonjwa unaweza kuwapo, omba rufaa.

Lakini kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto na ukapata homa, usisubiri miadi: nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda kuna usaha ndani.