Kisukari kinapokifisha ganzi kibofu

MGONJWA wa kisukari aliyezoea kuamka mara nne usiku kwenda haja ndogo hufurahi anapoanza kulala hadi alfajiri. Pengine sukari imeshuka, na ana haki ya kufurahi. Lakini ikiwa vipimo vingali vinaonyesha sukari iko juu, utulivu huo ni wa kutiliwa shaka.

Sukari inapozidi katika damu, figo huitoa pamoja na maji mengi. Ndiyo sababu mgonjwa hukojoa kila mara na kiu haimwishi. Ikibaki juu kwa miaka mingi, huharibu neva: zile za nyayo, na pia zile zinazoujulisha ubongo kwamba kibofu kimejaa. Hapo kibofu hutanuka bila mwenyewe kuhisi, misuli yake hulegea, na kila anapokwenda chooni mkojo mwingine husalia ndani. Mkojo uliotuama hukuza bakteria, na shinikizo lake likirudi nyuma huziumiza figo.

Katika kaunti za Kitui na Makueni, ukame huzidisha hatari hiyo. Mito kama Tiva na Thwake inapokauka, wakazi huchimba mchangani kutafuta maji, na mtungi ulioletwa na punda kutoka mbali haunywewi ovyo. Mgonjwa ana sababu nyingine ya kujinyima maji, kwamba hataki kusumbuka na choo. Hapo hujidhuru, kwani sukari iliyo juu tayari inamkausha.

Wanaume wazee husingizia tezi dume, na wanawake uzazi. Huenda wanasema kweli, na huenda maradhi mawili yamekutana katika mwili mmoja. Kipimo cha kuanzia si kigumu: mgonjwa hukojoa, kisha kibofu hupigwa picha ya ultrasaundi ili kuona kilichobaki. Kigumu ni kumweleza habari za chooni muuguzi aliye rika la mjukuu wako, nayo yasipotajwa huenda yasiulizwe.

Neva zilizokwisha kuharibika aghalabu hazirudi kama zamani, ila kudhibiti sukari hupunguza kasi ya uharibifu. Mgonjwa hufunzwa kwenda chooni kwa saa, kila baada ya saa tatu au nne, hata asipohisi haja. Akimaliza, hungoja kidogo na kujaribu tena. Wengine huhitaji mpira mwembamba wa kutolea mkojo. Anayepata homa pamoja na maumivu ya kiuno, au anayeshindwa kabisa kukojoa, afike hospitalini siku hiyo hiyo.