Faili jipya likiingia, kompyuta inafanya kazi yenyewe: Inawezekanaje?

Siku hizi mwenye duka kijijini halazimiki kupanda basi hadi Kariakoo kila mzigo unapoisha. Anapiga picha ya orodha ya bidhaa, anaituma kwa simu pamoja na ujumbe wa malipo, na mzigo unapakiwa kwenye basi. Huku mjini, kwenye kompyuta ya duka la jumla, picha hizo zinarundikana kwenye folda moja. Siku kompyuta ikiharibika, au mtu akiifuta folda hiyo kwa bahati mbaya, mabishano yanaanza: nani aliagiza nini, na nani alilipa kiasi gani?

Dawa yake inajulikana: kuweka nakala. Lakini siku ya wateja wengi, nani atakumbuka kunakili kila picha? Ndiyo maana leo tunaeleza namna ya kuiagiza kompyuta ilinde folda, na kila faili likiingia au kubadilika, itekeleze amri fulani bila kuguswa na mtu.

Kuchungulia au kupigiwa kengele

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuchungulia: kila baada ya dakika moja kompyuta inafungua folda na kulinganisha kilichomo na kilichokuwemo. Inafanya kazi, lakini inachosha mashine, na faili likiingia sasa hivi linasubiri zamu ijayo.

Njia ya pili ni kengele. Kila faili linalohifadhiwa hupitia kwenye mfumo unaoendesha kompyuta, kwa hiyo mfumo huo ndio wa kwanza kujua. Programu inauambia, "Folda hii ikiguswa, niamshe," kisha inalala. Linux ina kengele hiyo tangu mwaka 2005, na inaitwa inotify. Windows na kompyuta za Apple nazo zina za kwao. Android imejengwa juu ya Linux, hivyo hata simu iliyo mkononi mwako inayo.

Pantoni haiondoki watu wakiwa wanaingia

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Faili halitokei lote kwa mara moja. Mtandao ukiwa mzito, jina la faili linaonekana kwenye folda wakati nusu ya yaliyomo bado iko njiani. Amri ikikimbilia faili hilo, nakala inakuwa pungufu: picha iliyokatika katikati, au sauti inayoishia njiani.

Ukisimama kivuko cha Magogoni utaelewa haraka. Pantoni haing'oi nanga kuelekea Kigamboni kwa sababu gari la kwanza limepanda. Inasubiri wote waingie na mlango ufungwe. Amri nayo isubiri faili lifungwe, yaani programu inayoliandika iwe imemaliza.

Amri yenyewe

Kwa mwenye kompyuta ya Linux, programu inayohitajika ni inotify-tools, nayo ni ya bure. Tuseme picha zinaingia kwenye folda iitwayo "mapya", na nakala ziende kwenye folda iitwayo "nakala":

inotifywait -m -e close_write -e moved_to mapya |
while read -r njia tukio faili; do
cp --backup=numbered "mapya/$faili" nakala/
done

Maana yake ni hii: linda folda "mapya" bila kuacha; faili likimaliza kuandikwa, au likihamishiwa humo, linakili kwenda "nakala". Maneno "backup=numbered" yanazuia nakala mpya kuifuta ya zamani. Ile ya zamani inabaki na kupewa namba.

Mambo matatu ya kuchunga

Kwanza, nakala zisirudi kwenye folda inayolindwa. Zikirudi, kila nakala itapiga kengele, kengele italeta nakala nyingine, na kazi haitaisha hadi diski ijae.

Pili, umeme ukikatika mlinzi naye analala. Kilichoingia akiwa hayupo hakijui. Kompyuta ikiwaka, kwanza ilinganishe folda zote mbili, ndipo ulinzi uendelee.

Tatu, nakala iliyo kwenye meza ileile haitoshi. Soko Kuu la Kariakoo liliungua Julai 10, 2021. Moto hauchagui kati ya kompyuta na diski iliyo pembeni yake, hivyo nakala moja ikae jengo jingine au kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Na kwenye simu yako?

Huhitaji kuandika amri yoyote. Google Photos hufanya kazi ya namna hiyo: ukipiga picha, inaituma mtandaoni yenyewe mtandao ukipatikana. Nafasi ya bure ni GB 15, na ndani yake zimo pia barua pepe zako.

Lakini angalia mambo mawili. Kwa kawaida inahifadhi picha za kamera tu. Picha ya mkataba wa shamba au risiti uliyotumiwa kwa WhatsApp haihifadhiwi mpaka uichague folda hiyo kwenye mipangilio ya kuhifadhi nakala. Hapohapo unaweza kuzuia isitumie bando, isubiri Wi-Fi.

La pili ni kufuta. Ukifuta picha ndani ya Google Photos, na ile ya mtandaoni inafutika. Inakaa kwenye kapu la taka siku 60, kisha haipo tena. Kwa hiyo usifute humo ukidhani unapunguza mzigo wa simu tu. Tumia sehemu ya kuondoa nafasi kwenye kifaa, ambayo huacha nakala ya mtandaoni.

Kabla hujalala leo, fungua mipangilio hiyo uangalie ni folda zipi zinalindwa. Kama ile yenye picha za mikataba na risiti zako haimo, iwashe.